Kamba ya nyuzi tatu ndani ya jiji la Dar: mwongozo kamili wa kupata watu wa kukuinua kabla hujaanguka

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napanga chumba kimoja Kimara, niko kwenye magrupu kumi na moja ya WhatsApp, manne kati ya hayo ya kanisani, afu Jumanne moja homa ikanipiga mpaka nikashindwa kunyanyuka. Siku mbili nzima. Simu iliisha chaji usiku wa kwanza na chaja iko mezani, hatua tatu tu kutoka nilipolala, nikashindwa kuifuata. Unajua nani aliyenigundua? Kidude cha LUKU. Yuniti zilikaribia kuisha kikaanza pii, pii, pii, mama wa chumba cha pili akavumilia weee mpaka akachoka, akaja kugonga ili anisute ninunue umeme watu walale. Akasukuma mlango, akanikuta nimejikunja, shuka limelowa jasho. Ndo yeye aliyeita bajaji, ndo yeye aliyenikorogea uji, na wala hatusali pamoja, yeye ni Muislamu na mimi ni wa jumuiya ya pale juu.

Kwenye yale magrupu kumi na moja hakuna aliyeuliza niko wapi, na kiukweli siwalaumu maana na mimi sikuwahi kumuuliza mtu. Nilikuwa na watu wengi na sikuwa na mtu.

Nilipopata nafuu nikafungua Mhubiri sura ya 4 nikaisoma kama unavyosoma maelekezo kwenye boksi la dawa, kwamba hii inatumikaje, mara ngapi kwa siku. Haya hapa chini ndo niliyojifunza na kuyafanya. Mengine nimeyakosea na nitasema.

Kwanza tuelewane mstari unasema nini

Mhubiri 4:9-12 ile ya "wawili ni afadhali kuliko mmoja" imezoeleka kusomwa harusini, basi watu wanadhani inahusu bwana na bibi harusi. Rudi nyuma mstari mmoja tu, ule wa 8. Anaongelewa mtu aliye peke yake, hana mwana wala ndugu, kazi yake haina mwisho na macho yake hayashibi mali, na wala hajiulizi anajitesa kwa ajili ya nani. Yani ni mtu wa Dar kabisa huyo, anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi anarudi saa nne usiku, na Jumapili ana dili lingine.

Ndo baada ya huyo zinatajwa hali nne ambazo peke yako hutoboi: kazi, kuanguka, baridi na kushambuliwa. Hiyo ya baridi huku kwetu inachekesha, watu wawili kulala pamoja ili wapate joto, mwezi wa pili, Manzese, umeme umekatika, hiyo ni adhabu bana. Ila Yerusalemu iko milimani, kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, usiku wake siyo wa mchezo, na maskini wa enzi zile blanketi lake lilikuwa vazi lake la mchana. Ndo maana Kutoka 22:26-27 inasema ukichukua vazi la mtu kama rehani umrudishie kabla jua halijazama, atalalia nini? Kwa hiyo baridi mimi naisoma hivi: kile kitu cha lazima ambacho mfuko wako peke yako hautoshi kukileta.

Afu kinakuja kitu cha ajabu, tulikuwa tunahesabu wawili wawili, ghafla "kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi." Wahubiri wengi wanasema uzi wa tatu ni Mungu, sibishani nao. Ila nenda Feri asubuhi ukaangalie kamba za wavuvi kwa karibu. Nyuzi zimesokotwa, kila mmoja unamkandamiza mwenzake, na ukivuta ndo zinakazana zaidi. Nyuzi tatu zilizolala tu pembeni kwa pembeni bila kusokotwa siyo kamba, unazikata mojamoja. Mimi na magrupu yangu tulikuwa hivyo.

Hatua ya 1: Hesabu kwa kalamu, siyo kichwani

Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu nne: kazi, kuanguka, baridi, kushambuliwa. Andika majina, ila kwa sharti moja, jina linaingia tu kama huyo mtu AMESHAFANYA hicho kitu, siyo kwamba unadhani angefanya. Kazini, nani ashawahi kukupa mchongo au kukushikia nafasi yako? Ulipoanguka nani alikuja mwenyewe, kwa miguu yake? Nani ashawahi kukukopesha na bado mnasalimiana? Na ulipokuwa unasemwa vibaya, nani alifungua mdomo kukutetea na wewe hupo?

Mimi kazi nilipata majina mawili. Kuanguka moja, yule mama jirani. Baridi, dada yangu aliyeko Morogoro. Kushambuliwa, patupu.

Dada yangu nampenda kuliko kawaida ila Morogoro ni karibu kilometa 200, na Methali 27:10 inasema wazi, afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Siyo kwamba ndugu hana maana, ni suala la umbali tu. Homa haisubiri basi lifike Msamvu.

Ukimaliza geuza ukurasa, jiulize wewe jina lako liko kwenye daftari la nani. Hapo nilikaa muda mrefu nikiangalia ukuta.

Hatua ya 2: Tafuta wawili, acha tamaa ya kumi

Yesu alikuwa na kumi na wawili, na Luka 10 inataja wengine sabini aliowatuma wawili wawili, ila usiku wa Gethsemane roho yake ilipokuwa na huzuni kiasi cha kufa aliwasogeza watatu tu, Petro, Yakobo na Yohana. Na hao watatu walilala! Kwa hiyo usitafute malaika, tafuta watu ambao hata wakisinzia watakuwa wamesinzia karibu na wewe.

Vigezo vyangu vilikuwa hivi. Awe anafikika, yani kwa daladala moja au boda moja nimefika kwake. Awe anaweza kutunza siri, na hili usiulize, lipime, mwambie jambo dogo lisilo na madhara uone kama litakurudia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Asiwe mtu wa hasira, Methali 22:24-25 inaonya kwamba ukitembea naye utajifunza njia zake, na kweli nimeona watu wapole wamegeuka wababe ndani ya mwaka kwa sababu ya kampani. Na awe na ujasiri wa kukwambia umekosea, maana kuna rafiki yeye kila ukisema anaitikia tu "uko sahihi mtu wangu", huyo ni mwangwi.

Kingine, changanya umri. Mimi mmoja nilimchagua rika langu, tunasali naye, mwingine ni mzee fundi seremala wa mtaani kwetu ambaye ananizidi miaka kama thelathini, namwamkia shikamoo kila siku. Musa alikuwa anaua mwili wake kwa kusikiliza kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni na hakuna kijana aliyeliona tatizo, ni mkwewe Yethro, mtu mzima na wala siyo Mwisraeli, aliyefika akaangalia siku moja tu akasema hili jambo unalofanya si jema, utachoka wewe na hawa watu, gawa kazi (Kutoka 18). Jicho la mtu mzima aliyetoka nje ya mambo yako ni hazina.

Umeoa au umeolewa? Mwenzi wako ni wa kwanza, sawa, ila usimfanye awe wote. Anachoka. Na siri zako nzito usiende kuzimwaga kwa mke wa mtu au mume wa mtu kwa kisingizio cha kuombeana, tumeshaona yanakoishia.

Hatua ya 3: Mwambie, kwa maneno, usisubiri ajue

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Dar ukimpigia mtu ukaanza "kaka, nina jambo naomba tuongee", moyo wake unaenda mbio, anajua mzinga unakuja. Kwa hiyo litoe hilo mezani mapema. Mimi nilimtumia yule rika langu meseji hii, unaweza kuichukua ukairekebisha:

"Kaka mambo. Hii siyo meseji ya kukopa, tulia. Tunaonana kila Jumapili ila mimi sijui unapitia nini na wewe hujui yangu. Naomba tuwe tunatafutana mara moja kwa wiki, dakika ishirini, tuambiane ukweli na tuombeane. Na ukiona siku imeisha sijapokea simu yako, njoo ugonge mlango. Na mimi hivyo hivyo kwako. Kama haiwezekani niambie tu, sinuni."

Akajibu "uko sawa kweli wewe?" Afu kimya. Baada ya kama saa moja akapiga, tukaongea dakika arobaini, na kumbe kazi yake ilishaisha miezi miwili iliyopita, kila asubuhi anavaa shati, anachomekea, anamuaga mke wake, anapanda gari anaenda kukaa viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka jioni. Miezi miwili! Na kila Jumapili tulikuwa tunapeana mkono, "Bwana asifiwe", "Amina", tunaachana.

Kwa mzee sikutuma meseji, ana kitochi na hata hivyo siyo adabu. Nilienda karakana kwake, nikamsaidia kubeba mbao mbili tatu, nikamwambia mzee wangu naomba niwe nakuja kila Jumamosi unishauri. Akasema "njoo, ila ukija ufagie hayo maranda." Mpaka leo nafagia.

Hatua ya 4: Ratiba inayoendana na foleni

Waebrania 10:24-25 inasema tusiache kukusanyika pamoja kama ilivyo desturi ya wengine. Hiyo "desturi" iangalie vizuri, kuachana ni mazoea, hakuna siku mtu anaamka akatangaza kwamba leo naacha kuonana na wenzangu, ni wiki hii mvua, wiki ijayo foleni, ya tatu bando limeisha.

Kwa hiyo mkutano wenu ukae juu ya njia ambayo tayari mnapita. Sisi wawili tulitumia mwendokasi. Wenyeji wa Kimara wanajua, jioni ukitaka kiti pale Kariakoo Gerezani unapandia kituo cha nyuma unageuza nalo. Tukawa tunageuza pamoja kila Alhamisi, tukikosa kiti tunaongea tumesimama, tumebanwa kwapani kwa watu, kufika Kimara maongezi yameisha. Gharama ni nauli ile ile. Jumamosi asubuhi tunakutana kwa mzee, nusu saa, tunasoma sura moja fupi, tunaomba, tunafagia maranda.

Maswali tunayoulizana ni matatu tu na hayabadiliki. Umelala vipi wiki hii? (Usingizi haudanganyi, mtu mwenye deni au ugomvi ndani utamjua hapo.) Kuna kitu gani unakificha? Nikufanyie nini kabla ya Jumamosi ijayo? Hilo la tatu lijibiwe kwa kitu chenye umbo, "uniombee tu" ikataliwe mara ya kwanza. Mtu aseme nisindikize nikaongee na mwenye nyumba, au nipigie saa tatu usiku maana ndo muda napitaga pale baa.

Hatua ya 5: Tafuta jiwe kwanza, mikono baadaye

Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa mambo yote.

Kutoka 17:8-13 unaijua, vita na Waamaleki kule Refidimu. Yoshua yuko bondeni anapigana, Musa yuko juu ya kilima na fimbo mkononi, akiinua mkono Israeli wanashinda, akishusha Amaleki wanashinda. Mikono ikawa mizito. Kila mtu anakumbuka Haruni na Huri wakaishika, mmoja huku mmoja huku, mpaka jua likazama. Ila angalia walianza na nini. Walichukua JIWE wakaliweka chini yake, akakaa, ndipo wakashika mikono. Wangeishika mikono ya mzee aliyesimama tangu asubuhi, miguu ingeisha na wote watatu wangeanguka.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mke wa yule mzee aliugua akalazwa karibu wiki tatu. Siku ya kwanza tukaenda mimi na mwenzangu na machungwa kwenye mfuko na maombi ya nguvu, tukamkuta mzee kwenye korido amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia ameishika mkononi, chini ya kucha bado kuna gundi ya mbao. Tukaomba hapo, dakika kumi za moto, akasema amina. Afu tukamuuliza mzee umekula? Hajala tangu jana. Amelala? Analala hapo hapo sakafuni, anaogopa akienda nyumbani ataitwa dirishani kuchukua dawa asiwepo. Yani sisi tulikuwa tumeshaanza kuinua mikono na mtu hana jiwe.

Tukarudi nje tukanunua kigoda cha plastiki. Kweli, kigoda, kile cha mama ntilie. Na wali maharage. Alipokaa juu ya kile kigoda alitoa pumzi moja hiyo sijaisahau. Baada ya hapo tukachukua karatasi tukapanga zamu: mwenzangu asiye na kazi anakaa asubuhi mpaka saa tisa na yeye ndo wa dirisha la dawa, mimi natoka kazini nakaa mpaka muda wa kutolewa wageni, mzee anaenda kulala na kuoga, mtu mmoja wa jumuiya ndo wa kupokea michango na kuandika, na yule mama jirani yangu wa LUKU, ndiyo huyo huyo, akasema uji wa mgonjwa niachieni mimi.

Kwa hiyo mtu wako akielemewa, kabla ya neno na kabla ya zaburi, jiulize jiwe lake ni nini. Kwa aliyefiwa jiwe linaweza kuwa mtu wa kuwaogesha watoto na kuwapeleka shule Jumatatu. Kwa mama aliyejifungua, kufuliwa. Kwa aliyeachishwa kazi mara nyingi ni nauli ya kwenda kwenye usaili na shati lililopigwa pasi. Na zamu ziandikwe, jina, saa, kazi gani, nani anatoa nauli. "Tupo pamoja" isiyo na saa huwa haifiki hospitali.

Hatua ya 6: Pesa, bila kuharibiana

Wagalatia 6 ina mistari miwili ambayo ukiisoma haraka unaona kama inapigana. Wa 2, mchukuliane mizigo. Wa 5, kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Siyo ugomvi, hata kwa Kigiriki ni maneno mawili tofauti. Mzigo ni kile kinachomzidi mtu, ugonjwa, msiba, moto. Furushi ni la kwako la kila siku, kodi yako, ada ya mwanao, vocha. Urafiki mwingi unakufa pale mtu anapoleta furushi lake kila mwisho wa mwezi akiliita mzigo.

Sheria zetu: toa unachoweza kutoa bila kudai, na kama ni mkopo uandikwe hata kama ni elfu kumi, tarehe na sahihi. Udhamini tunaukwepa, Methali 6:1-5 inamwambia aliyemdhamini mwenzake aende akajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji, na enzi hizi za mikopo ya kausha damu hilo nalishika kwa mikono miwili. Mtu akikwambia "nisainie tu, nalipa ijumaa", mpe ulicho nacho mfukoni na usisaini.

Kama mnataka kuweka hela pamoja, mfumo wa kikoba tayari una hekima ndani yake. Lile sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hakuna anayefungua peke yake na wote wanaona kinachoingia na kutoka. Wengi wanakimbilia upatu wa kuaminiana tu afu kijumbe anahama mtaa. Ila kikundi kikiwa cha kukopeshana kabisa mkasajili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii na inavitaka visajiliwe, anzieni ofisi ya serikali ya mtaa mtaelekezwa.

Na yule asiyeweza kuchangia msimtoe. Daudi alikuwa na watu 600 wakiwafuatilia Waamaleki, 200 wakachoka kwenye kijito cha Besori wakabaki kulinda mizigo. Wenzao waliporudi na nyara baadhi wakasema hawa wasipate kitu. Daudi akakataa, akasema fungu la aliyeenda vitani na la aliyekaa na vyombo ni sawasawa, ikawa sheria katika Israeli (1 Samweli 30). Mwenzangu kipindi hana kazi hakuchangia shilingi, ila korido ya hospitali aliishika yeye.

Hatua ya 7: Jifunze kunyamaza

Hii fupi. Marafiki wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki bora. Shida ilianza walipofungua mdomo. Msibani usiseme "Mungu ana makusudi yake", usiseme "angalau umebaki na hawa wengine". Kaa kwenye kiti cha plastiki. Osha vyombo. Ukishindwa kabisa kunyamaza sema "pole sana" afu urudi kuosha vyombo.

Hatua ya 8: Mtakapogombana (mtagombana)

Nilisema nimekosea mahali, ni hapa. Wakati mwenzangu bado anamficha mke wake habari ya kazi, mimi nikaenda kwenye grupu la maombi nikaandika "tumuombee ndugu yetu mmoja hapa hapa Kimara, kazi imeisha na nyumbani hawajui". Sikutaja jina! Ila Kimara ni ndogo. Jioni ile ile mkewe alikuwa ameshajua. Ombi la maombi ndo umbea unaovaa suti, niliufanya mimi mwenyewe.

Yeye alifanya vile Mathayo 18:15 inavyosema, alikuja kwangu peke yake, hakupiga skrinshoti kuirusha kwenye grupu, akaniambia ulichonifanyia ni hiki, akaondoka. Miezi mitatu hatukugeuza pamoja. Mimi nilituma meseji ndefu za kujieleza, hazikujibiwa. Mzee hakuchukua upande, aliniambia tu "acha simu, nenda. Na ukifika, neno 'lakini' usilitamke." Nikaenda. Nikasema nilifunua siri yako nikaiita maombi, nimemuumiza mkeo pia, naomba radhi kwenu wote wawili. Nikamalizia hapo, ulimi unawasha kutaka kusema "lakini sikutaja jina". Ilichukua wiki mbili nyingine ndo akapiga.

Kwenye Matendo 15 Paulo na Barnaba, watu waliokula shida pamoja, waligombana vikali juu ya Marko mpaka kila mmoja akashika njia yake. Biblia haisimulii walipatana siku gani. Ila miaka baadaye Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo: umlete Marko, ananifaa kwa utumishi. Na anaomba hapo hapo joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na Timotheo ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtume mkubwa, anaomba koti na kampani. Kwa hiyo ugomvi upewe muda, ila mlango usipigiliwe misumari.

Hatua ya 9: Umoja wa kukimbia

Siyo kila umoja ni baraka. Babeli walikuwa na umoja wa hatari. Methali 1 inaonya juu ya wenye dhambi wanaokuita "tutakuwa na mfuko mmoja" na wanapanga kuvizia watu. Kikundi kikianza kukutenga na familia yako, kikitaka hela ambayo hakuna anayeonyeshwa hesabu yake, au kuuliza swali ndo kunaitwa uasi, chukua begi lako. Hata kama wanaomba usiku kucha.

Na kama huna mtu kabisa

Umekuja Dar juzi, unakaa Mbagala au Gongo la Mboto, hujui mtu. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe, akasema amebaki yeye peke yake, na jibu la kwanza halikuwa mahubiri, lilikuwa mkate, maji na usingizi, mara mbili. Baadaye ndo akaambiwa wako elfu saba wengine, na akapewa Elisha (1 Wafalme 19). Kwa hiyo kwanza kula, lala.

Afu anza na ukuta wa jirani. Nehemia alijenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52, na baadhi walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe. Salimia, jua majina ya watoto wa nyumba hiyo, siku ya kusafisha mtaro toka na koleo. Ila usizidishe, Methali 25:17 inasema usitie mguu nyumbani kwa jirani mara kwa mara asije akakukinai.

Kwenye jumuiya au kanisa la karibu, usiingie ibada imeanza ukatoka kabla ya matangazo, utakaa miaka mitatu mgeni. Fika dakika kumi na tano kabla, uliza "niwasaidie kupanga viti?" Hakuna anayekataa mtu wa kupanga viti. Wiki ya kwanza utapanga na mtu msiyejuana, ya pili atakuuliza unakaa wapi, ya tatu au ya nne ataomba namba yako. Hapo ndo unachukua ile meseji ya hatua ya 3.